Akaunti hewa zifungwe na saraka, si na kumbukumbu ya mtu

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye safu ya barua tuseme jambo ambalo ofisi nyingi za Mwanza zinalilipia kila mwezi bila kulijua. Mwaka 2016 nchi nzima ilikuwa ikizungumzia watumishi hewa, yaani majina yaliyobaki kwenye orodha ya mishahara ilhali wenyewe walishaondoka au hawakuwahi kuwapo. Ndugu zao wamehamia kwenye mifumo ya kompyuta. Mhasibu alishahamia Geita, lakini akaunti yake kwenye programu ya hesabu bado inafunguka. Mwanafunzi wa fildi alishamaliza wiki zake nane akarudi chuoni, lakini mafaili ya idara bado anayasoma kwenye simu. Na programu inayotozwa kwa dola, kichwa kwa kichwa, inaendelea kuwahesabu wote wawili. Hizo ndizo akaunti hewa.

Dawa yake ipo, wala si ngeni. Inaitwa SCIM, kanuni ya mawasiliano iliyochapishwa Septemba 2015 katika nyaraka za kanuni za intaneti ziitwazo RFC 7643 na RFC 7644. Saraka moja ya mtandaoni inayojua nani yupo kazini na nani hayupo inaziambia programu nyingine: huyu mfungulie, huyu mbadilishie idara, huyu mfungie. Saraka hiyo inaweza kuwa Microsoft Entra ID, iliyoitwa Azure AD hadi 2023, au Okta, au Google Workspace. Ofisi yoyote yenye barua pepe ya Microsoft 365 tayari inayo Entra ID, hata kama hakuna aliyewahi kuifungua. Kwa sababu hiyo mifano yetu mingi tutaitoa huko.

Kuna mkanganyiko unaowaponza wengi, hata mafundi. Ukimuuliza mkuu wa TEHAMA kama akaunti zinajifunga zenyewe, atakujibu, “Ndiyo, tumeunganisha, watu wanaingia kwa nenosiri moja tu.” Hilo ni jambo jingine. Kuingia kwa nenosiri moja kupitia kanuni za utambulisho za SAML au OpenID Connect kunathibitisha kwamba aliyepo mlangoni ni fulani, basi. Programu nyingi humfungulia mtu akaunti papo hapo anapoingia mara ya kwanza kwa njia hiyo, na ndiyo maana ofisi inadhani kazi imekwisha. Lakini njia hiyo haina namna ya kufunga. Mtu akiacha kazi haji tena mlangoni kuaga, kwa hiyo programu haipati habari kwamba ameondoka. Akaunti yake inabaki, mafaili yake yanabaki, malipo yanabaki, na kama aliwahi kuwekewa nenosiri la ndani la programu hiyo, ataingia nalo bila kupita kwenye saraka kabisa. SCIM ndiyo inayofunga. Anayeinunua kwa ajili ya kufungua akaunti tu amenunua nusu yake, tena nusu iliyo rahisi.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Haianzii kwenye kompyuta ya fundi, inaanzia mezani kwa afisa utumishi. Toa orodha ya watumiaji kutoka kwenye programu, uiweke sambamba na orodha ya saraka, kisha pita mtu mmoja mmoja. Utakutana na akaunti zilizofunguliwa kwa Gmail binafsi, kwa sababu siku programu inaanza kutumika barua pepe za ofisi zilikuwa bado. Utakutana na mtu mmoja mwenye akaunti mbili, moja imeanza na jina la ukoo na nyingine na jina lake la kwanza. Na utakutana na watu wawili wenye majina yaleyale mawili, jambo lisilo ajabu hata kidogo huku Usukumani.

Usafi huu una sababu yake. Saraka inapoanza kazi huiuliza programu swali moja kwa kila mtu: unaye mwenye userName (jina la kuingilia) hii? Ikijibiwa ndiyo, inamshika aliyepo na kumsasisha. Ikijibiwa hapana, inafungua akaunti mpya. Aliyekuwa akitumia Gmail atajibiwa hapana, hivyo atafunguliwa akaunti ya pili iliyo tupu huku kazi zake za miaka mitatu zikibaki kwenye ile ya kwanza. Asubuhi atapiga simu akisema mafaili yake yamefutwa. Hayajafutwa, ila ameingia chumba kingine. Kuunganisha akaunti mbili baada ya hapo ni kazi ya mikono, na programu nyingi haziiruhusu kabisa. Kwa hiyo badilisha barua pepe ndani ya programu ziwe za ofisi kabla hujawasha chochote.

Sehemu inayotumika kulinganisha ichaguliwe kwa makini. Iwe ya pekee kwa kila mtu, isiwe tupu kwa yeyote, na programu iwe na uwezo wa kutafuta kwa kuitumia. Namba ya simu haifai, watu hubadilisha laini. Namba ya mtumishi inafaa sana, na kwa watumishi wa umma ipo tayari, ile cheki namba. Wako wanaoshawishika kutumia namba ya NIDA kwa kuwa kila mtu anayo. Wasifanye hivyo. Namba hiyo ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo kuipeleka kwenye programu iliyo nje ya nchi ni kupeleka taarifa binafsi isiyohitajika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa kadiri ya lengo, na inaweka masharti ya kuzisafirisha nje. Tena kuna balaa la kiufundi: Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba, zinazobaki inazigeuza sifuri. Faili ikifunguliwa na kuhifadhiwa mara moja, namba za NIDA za ofisi nzima zimeharibika na hakuna aliyeona. Excel hiyohiyo huila sifuri ya mwanzo ya 0754. Simu ziandikwe kwa +255, na safu yake iwekwe kuwa ya maandishi kabla ya kubandika.

Baada ya usafi, kuunganisha kwenyewe ni kufupi. Ingia kwenye Entra kwa cheo cha msimamizi wa programu, si cha msimamizi mkuu, kwani hakihitajiki hapa. Nenda kwenye programu za taasisi. Kama unayoitaka imo kwenye orodha yao, ichukue. Kama haimo, tengeneza ingizo jipya la programu isiyo kwenye orodha. Fungua ukurasa wa ugawaji wa akaunti ujaze vitu viwili ulivyopewa na mwenye programu: anwani ya SCIM, ambayo mara nyingi huishia na /scim/v2, na tokeni ya siri. Bonyeza kitufe cha kujaribu. Jaribio hilo humtafuta mtu asiyekuwapo na kutegemea kujibiwa orodha tupu. Likikataa, angalia kwanza kama tokeni imebandikwa ikiwa na nafasi tupu mwishoni. Kosa hilo ni dogo lakini limekwisha kula saa nyingi za watu.

Tokeni ni ufunguo wa kufungua na kufunga akaunti ya kila mtu kwenye programu ile, kwa hiyo haitumwi kwenye kundi la WhatsApp la idara. Iandikwe inaisha lini, na ukumbusho uwekwe mwezi mmoja kabla. Kuna mtego mwingine ambao maelekezo ya wauzaji hayautaji. Kwenye programu nyingi tokeni hufungamana na akaunti ya msimamizi aliyeitengeneza. Msimamizi huyo akihama, saraka inafanya kazi yake kwa uaminifu, inamfunga, na kwa kumfunga inaiua tokeni inayotumia yenyewe. Kuanzia dakika hiyo hakuna anayefunguliwa wala kufungwa. Tokeni itengenezwe na akaunti ya huduma, isiyo ya mtu, na iliyowekwa nje ya wigo wa SCIM, yaani nje ya orodha ya akaunti ambazo saraka inazifungua na kuzifunga. Pamoja nayo ibaki akaunti moja ya msimamizi wa ndani kwa dharura, nenosiri lake likiwa kwenye bahasha ndani ya kasiki.

Ukurasa unaofuata ni wa kuoanisha sehemu za saraka na za programu, na hapa ndipo panapostahili mchana mzima. Punguza kwanza. Programu ya mikutano haihitaji anwani ya nyumbani wala simu ya mtu, kwa hiyo mstari usio na sababu ufute. Kwenye externalId, utambulisho wa mtu unaotoka kwenye saraka, Entra huweka mailNickname, jina fupi la barua pepe, bila kuulizwa. Weka objectId, namba ya ndani ya saraka, ambayo haibadiliki hata mtumishi akiolewa na kubadilisha jina. Kisha tafuta mstari wa active, unaoiambia programu kama akaunti iwe wazi au ifungwe. Fomula yake ya asili inategemea IsSoftDeleted, na wapo wanaoifuta na kuweka accountEnabled kwa kuwa jina lake linaeleweka zaidi. Wameharibu. IsSoftDeleted huwa kweli katika hali nne: akaunti imezimwa kwenye saraka, imefutwa na kuwekwa kwenye pipa, mtu ameondolewa kwenye programu hiyo, au kichujio cha wigo hakimhusu tena. Ile accountEnabled inajua hali ya kwanza tu. Mtumishi aliyehamishwa kutoka uhasibu kwenda mapokezi bado yupo kazini, kwa hiyo accountEnabled itaendelea kusema ndiyo na programu ya hesabu itabaki wazi kwake. Tunairudia kwa ajili ya mhasibu yule wa Geita: kama amehamia tawi jingine la taasisi ileile, ni fomula ya IsSoftDeleted ndiyo ingemfungia.

Kuhusu wigo, chagua walioainishwa tu, si saraka nzima. Saraka nzima ina akaunti za mashine ya kuchapisha, za chumba cha mkutano, za wageni, na kila moja itafunguliwa na kulipiwa. Kuainisha kwa makundi kunahitaji leseni ya kulipia ya Entra iitwayo P1. Toleo la bure linakuruhusu mtu mmoja mmoja. Halafu kuna hili la makundi ndani ya makundi. Ofisi inatengeneza kundi la Watumishi Wote, ndani yake inaweka kundi la Nyamagana, la Ilemela na la Ukerewe, inaliainisha lile kubwa na kusubiri. Haji mtu. Entra husoma waliomo moja kwa moja kwenye kundi, haiingii kwenye kundi la ndani. Ainisha yale matatu yenyewe.

Makundi yanayojijaza kwa kanuni, kwa mfano kila mwenye idara ya Uhasibu, ni mazuri iwapo idara imeandikwa namna moja. Kwenye orodha nyingi za watumishi utakuta Uhasibu, Fedha na Uhasibu, Hesabu, na Uhasibu yenye nafasi tupu mwishoni. Kwa kompyuta hizo ni idara nne.

Kabla ya kuwasha, jaribu mtu mmoja kwa kitufe cha kugawa papo hapo. Kitakuonyesha hatua kwa hatua: amepatikana kwenye saraka, yumo ndani ya wigo, amelinganishwa na nani, kimetumwa nini. Jaribu wanne walio tofauti: mwenye akaunti tayari, asiyekuwa nayo, mwenye majina yanayofanana na ya mwingine, na mmoja unayemtoa kwenye kundi ili uone anavyofungwa. Wengi hujaribu wawili wa kwanza tu. Huyo wa nne ndiye aliyeleta safari yote hii.

Weka pia kinga ya ufutaji wa bahati mbaya. Mtu akiliondoa kundi zima kwenye programu kwa kukosea, bila kinga kila aliyemo atafungwa kwenye mzunguko unaofuata. Kinga hiyo ni namba: wakizidi idadi fulani kwa mkupuo, simama, mtumie msimamizi barua pepe. Namba ilingane na ofisi. Kwa taasisi ya watu 120, kikomo cha 500 ni sawa na kutokuwa nacho, weka 10.

Ukishawasha, mzunguko wa kwanza ni mrefu kwa kuwa unamsoma kila mtu. Inayofuata huenda kila baada ya dakika 40 hivi. Ni kama kivuko cha Kamanga: ukifika kimeng'oa nanga, unasubiri kinachofuata. Kama watumishi wako wanaanzia kwenye Active Directory, saraka ya Microsoft iliyo kwenye seva ya ofisini, kuna kivuko kingine kabla ya hicho, kwa sababu seva hiyo hupeleka mabadiliko Entra kila dakika 30. Aliyezimwa ofisini saa nne asubuhi anaweza kuwa wazi kwenye programu mpaka saa tano na dakika kumi, na mzunguko wenyewe nao una muda wake wa kukimbia. Zaidi ya hapo, kivinjari chake kilichokwisha kuingia hakifukuzwi na SCIM. Tokeni za kuingilia za Entra huishi kati ya dakika 60 na 90, na programu yenyewe huenda ikawa na muda mrefu kuliko huo. Kwa anayeacha kazi kwa amani hayo yote hayana neno. Kwa anayeondolewa kwa wizi, usisubiri kivuko: zima akaunti kwenye saraka, batilisha vipindi vyake vya kuingia vilivyo wazi, bonyeza kugawa papo hapo, kisha ingia kwenye programu uhakikishe kwa macho.

Active Directory ina mtego wake kwa hawa vijana wa fildi. Ofisi makini humwekea mwanafunzi tarehe ya kwisha kwa akaunti, siku ileile barua yake ya mafunzo inapoisha. Tarehe hiyo, accountExpires, haisafirishwi kwenda Entra. Kwenye kompyuta ya ofisini atakataliwa, lakini kwenye barua pepe na programu za mtandaoni ataendelea kama kawaida, ikiwa manenosiri yanalandanishwa na wingu. Njia ya uhakika ni kazi ndogo inayokimbia kila usiku kwenye seva, ikitafuta waliopitwa na tarehe na kuwazima kabisa. Mistari michache ya PowerShell, lugha ya amri ya Windows, inatosha.

Umeme na intaneti navyo tuviseme, maana tunajua tulipo. Saraka ya mtandaoni na programu ya mtandaoni huzungumza zenyewe huko ziliko, kwa hiyo umeme ukikatika Nyakato mzunguko hauna habari. Seva ya Active Directory ndiyo yenye habari. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ya Afrika Mashariki ikadhoofika, aliyezimwa ofisini siku kama hiyo angebaki wazi kwenye wingu mpaka mawasiliano yarudi. Ofisi yenye programu yake humuhumu ndani nayo inaweza kutumia SCIM kwa kuweka wakala mdogo kwenye seva ya Windows. Wakala huyo hupiga simu kwenda nje tu, hasa kupitia mlango 443, kwa hiyo hutoboi ukuta wa moto kuruhusu wa nje waingie. Weka mawakala wawili kwenye seva mbili, zote zikiwa kwenye UPS.

Kuna neno linaloogopesha watu kwenye ukurasa ule: karantini. Maana yake ni kwamba maombi mengi yameshindwa mfululizo, mara nyingi kwa sababu tokeni imeisha au programu imebadilisha anwani. Entra hupunguza mizunguko hatua kwa hatua mpaka mmoja kwa siku, na ikizidi wiki nne huzima kazi yote. Barua pepe ya onyo hutumwa kwenye anwani uliyoandika siku ya kwanza, kwa hiyo isiwe ya mtu mmoja anayeweza kuwa likizo Bukoba. Iwe ya kundi. Ukisharekebisha, pinga kishawishi cha kubonyeza kuanza upya. Kitufe hicho hufuta kumbukumbu ya nani alilinganishwa na nani na kuanza kulinganisha kila mtu tena, hivyo walioolewa na kubadilishiwa anwani tangu walipolinganishwa mara ya kwanza wanaweza kufunguliwa akaunti za pili. Kwa mmoja aliyekwama, mgawie papo hapo. Na mnapolinganisha kumbukumbu zilizotolewa kwenye faili, kumbukeni kwamba muda wake ni wa UTC: 07:10 kwenye faili ni saa nne na dakika kumi asubuhi hapa Mwanza.

Okta ina tabia tofauti kidogo. Haingoji mzunguko, hutuma badiliko linapotokea, na haifuti mtu kabisa kwenye programu, huishia kuiweka active kuwa si kweli. Google Workspace inakuuliza usubiri muda gani kabla ya kufunga, na ukipita haraka kwenye swali hilo umewapa waliosimamishwa kazi siku za ziada.

Waandishi wa programu wa mji huu tuna maneno nao. Mifumo ya shule, ya SACCOS, ya zahanati inatengenezwa hapahapa, na karibu yote ina ukurasa wa kuongeza mtumiaji kwa mkono. Kuweka SCIM si mlima. Unahitaji anwani mbili, /Users na /Groups, zinazokubali kutafuta, kuongeza, kubadilisha na kufuta. Makosa ni yaleyale kila mahali. Mtu akitafutwa asipatikane, rudisha jibu la 200 (ombi limefaulu) na orodha yenye totalResults sifuri, usirudishe 404 (hakipo). Ukirudisha 404 kwenye utafutaji, jaribio la muunganisho litakwama hapohapo. Kuhesabu kurasa kunaanza na startIndex ya 1, si sifuri. Akiongezwa ambaye tayari yupo, jibu 409 (mgongano), usimtengeneze wa pili kimyakimya. Neno la kitendo kwenye PATCH, ombi la kubadilisha, lipokee hata likianza na herufi kubwa, kwani kanuni inaandika replace lakini Entra hutuma Replace. Na kubwa kuliko yote, Entra bila marekebisho hutuma active ikiwa maandishi "False" badala ya thamani yenyewe ya false. Kwenye lugha nyingi za programu maandishi yoyote yasiyo matupu huhesabiwa kuwa kweli. Matokeo yake saraka inasema mfunge huyu, programu inasikia mwache wazi, inarudisha 200, na kumbukumbu za pande zote mbili zinaonyesha kazi imefanikiwa. Hakuna kosa baya kama hilo, kwa sababu halina kelele. Ama msomaji wa programu yako akubali sura zote mbili, ama mteja aongeze aadOptscim062020 mwishoni mwa anwani ya SCIM ili Entra ifuate kanuni.

Seva yako itumie usimbaji wa mawasiliano wa TLS 1.2 au zaidi na cheti kilichotolewa na mamlaka inayotambulika, kwani cheti ulichojitengenezea kitakataliwa. Microsoft huwataka wanaotaka kuingia kwenye orodha yao wamudu angalau maombi 25 kwa sekunde kwa kila mteja. Seva ya kukodi ya bei ndogo inaweza kufika hapo, mradi safu ya userName iwe na faharasa kwenye hifadhidata. Ukizidiwa, jibu 429 ili upande wa pili usubiri, usikate mawasiliano.

Tumalizie na wanaoandika zabuni. Wauzaji wengi wa programu za nje huiweka SCIM kwenye kifurushi chao cha juu kabisa, na muuzaji anaweza kusema mfumo wake una uwezo huo ilhali bei aliyokupa haina. Andikeni kwenye zabuni kwamba SCIM 2.0 iwe ndani ya bei iliyotajwa. Kisha siku ya maonyesho msiombe kuonyeshwa mtumiaji akifunguliwa. Mtoeni mmoja kwenye kundi mbele ya muuzaji, muingie upande wa pili kwa akaunti yake mkiwa na nenosiri la zamani mkononi, na mshike saa.

Ni sisi,
Mafundi wa mifumo ya TEHAMA,
Nyakato, Mwanza